Kijiji Kilichoipa Sataranji Kazi

Kaskazini ya milima ya Harz, katikati ya Ujerumani, kuna kijiji kinachoitwa Ströbeck. Wakazi wake ni kama elfu moja tu, na kwa karne nyingi watu wake waliishi kwa jembe na mifugo. Tangu mwaka 1823 watoto wa kijiji hiki wamekuwa wakifundishwa sataranji shuleni, kama somo, pamoja na kusoma, kuandika na hesabu. Mwaka huo Seyyid Said alikuwa bado anatawala kutoka Muscat, mji mkuu wake ukiwa haujahamia Zanzibar. Katika kijiji hicho cha mbali mwalimu alikuwa tayari anawaonyesha watoto wa wakulima jinsi farasi anavyoruka.

Wengi wetu leo tunaiita chesi, lakini Kiswahili kina neno lake la zamani, na lina safari ndefu. Wahindi wa kale waliuita mchezo huu kwa neno la Kisanskriti, chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakasema chatrang, Waarabu wakasema shatranj, na sisi wa pwani tukapokea sataranji. Wazungu nao waliupata mchezo kwa Waarabu, kupitia Hispania na Italia. Kwa hiyo neno letu liko karibu zaidi na chimbuko kuliko neno la Kijerumani au la Kiingereza. Nalisema hili mapema ili tusidhani kwamba tunazungumzia mali ya Wazungu. Ströbeck nayo iliipokea sataranji kutoka nje, kama kila mahali isipokuwa kwao ilikozaliwa. Ninachotaka kukieleza ni kile kilichotokea baada ya kuipokea.

*

Hadithi yao inakwenda hivi. Mwaka 1011 askofu Arnulf wa Halberstadt alikuwa na mfungwa wa daraja la juu, aliyepoteza cheo chake kwa mfalme. Askofu alimfungia katika mnara wa mawe wa Ströbeck, na wakulima wa kijiji wakapewa zamu ya kumlinda. Mfungwa alikuwa mpweke. Akachora miraba, akachonga kete, akawafundisha walinzi wake sataranji ili apate wa kucheza naye. Walinzi wakaipeleka nyumbani, wake zao wakajifunza, watoto wakajifunza. Baadhi ya wasimulizi humtaja mfungwa huyo kwa jina, Gunzelin. Wengine humwita tu mtukufu wa Kislavi. Mnara upo mpaka leo.

Mwanahistoria akipewa hadithi ya namna hii huinusa kabla ya kuionja. Kwamba Gunzelin alikuwepo, hilo lina ushahidi. Alikuwa mtawala wa Meissen, akavuliwa madaraka mwaka 1009 na mfalme Heinrich wa Pili, akakabidhiwa kwa askofu Arnulf amweke kizuizini. Thietmar wa Merseburg, askofu na mwandishi wa tarehe aliyeishi wakati uleule, aliyaandika mambo hayo. Kwamba sataranji ilikuwa imeshafika maeneo yanayosema Kijerumani, hilo nalo lawezekana: kuna shairi la Kilatini juu ya mchezo huu lililohifadhiwa katika monasteri ya Einsiedeln, Uswisi, ambalo umri wake hukadiriwa kuwa karibu na mwaka 1000. Lakini hakuna mtu wa wakati ule aliyeandika kwamba Gunzelin alicheza sataranji, sembuse kwamba aliwafundisha wakulima wa Ströbeck. Mfungwa yupo, mchezo upo, uzi wa kuviunganisha haupo.

Hata hivyo hadithi isiyo na ushahidi ina kitu inachosema kuhusu wanaoisimulia. Sataranji ilikuwa mchezo wa mabwana. Wakulima waliokuwa wakiamriwa kulinda mnara wa askofu hawakutegemewa kuujua. Hadithi ya Ströbeck inapindua mambo: bwana ameanguka, yuko ndani, anahitaji mwenzake, na mwenzake pekee ni mkulima aliyeletwa kwa zamu. Kwa saa moja wanakuwa sawa, kwa sababu ubao hauulizi ukoo. Sioni ajabu kwamba kijiji kiliishika hadithi hiyo kwa mikono miwili.

Tukitoka kwenye hadithi na kuingia kwenye maandishi, tunakuta ardhi ngumu zaidi chini ya miguu. Mwaka 1616 August, mtawala wa ukoo wa Braunschweig, alichapisha kitabu kikubwa cha sataranji kwa jina la bandia la Gustavus Selenus, na ndani yake akaieleza Ströbeck kama kijiji kinachojulikana kwa mchezo huo. Mwaka 1651 Friedrich Wilhelm, Mteule wa Brandenburg, aliwapa wanakijiji zawadi ya ubao na kete za fedha. Upande mmoja wa ubao ulikuwa wa sataranji ya kawaida, na upande wa pili wa mchezo mkubwa zaidi, wenye miraba 12 kwa 8, ambao pia ulichezwa hapo kijijini.

Angalia tarehe. Mwaka 1648 Vita ya Miaka Thelathini ilikuwa imekwisha, na katika mapatano ya amani eneo la Halberstadt likapewa Brandenburg. Miaka mitatu baadaye, mtawala mpya anawapa wakulima ubao. Hakuwapa kwa sababu aliwafundisha kucheza, maana walikuwa wanajua tayari. Kete za fedha zilipotea. Ubao ungalipo, katika jumba la makumbusho la kijiji.

*

Nilifika Ströbeck wakati wa muhula mmoja niliosoma Halle kwa programu ya kubadilishana wanafunzi. Unapanda treni mpaka Halberstadt, kisha basi. Uwanja wa katikati ya kijiji umepewa jina la mchezo wenyewe, na chini umejengwa ubao mkubwa ambao watu wanaweza kusimama juu yake wakawa kete. Kikundi cha wenyeji huvaa mavazi ya wafalme, farasi na askari, wakacheza wao wenyewe kwa miili yao. Lakini siku niliyofika mimi hapakuwa na mchezo. Kulikuwa na upepo, mbwa mmoja na bibi mmoja mwenye kikapu cha ununuzi, na nilipomsalimia aliniuliza swali la kwanza: “Unacheza?”

Swali hilo lilikuwa na historia yake. Zamani wageni waliopita Ströbeck walikaribishwa kukaa kwenye ubao. Na palikuwa na mgeni wa aina moja ambaye hakuweza kukwepa: kijana wa nje aliyetaka kumuoa binti wa kijiji. Huyo alitakiwa kwanza acheze na mkuu wa kijiji. Akishinda, vizuri. Akishindwa, alilipa faini katika hazina ya kijiji. Mchezaji aliyekuwa hatarini alionywa kwa maneno ya lahaja yao ambayo ningeyafasiri hivi: “Baba, kwa busara.” Sisi tuna mahari, tuna mshenga, tuna kufunga mlango mpaka bwana harusi atoe kitu. Wao walikuwa na sataranji. Mantiki ni ileile: mgeni asiingie kijijini bila kupita mbele ya jamii.

Walikuwa na sheria zao pia. Kabla ya mchezo kuanza hasa, kila upande ulisogeza kwanza askari wa pembe mbili na askari wa mbele ya malkia, kila mmoja miraba miwili, kisha malkia akatoka mpaka safu ya tatu. Hapo ndipo mchezo ulipoanza. Lakini sheria iliyonisimamisha mbele ya kabati la makumbusho ilikuwa ile ya askari anayefika mwisho wa ubao. Katika sataranji tunayoijua, askari akivuka ubao mzima mara moja anageuzwa malkia. Ströbeck haikuwa hivyo. Askari aliyefika safu ya nane alipaswa kwanza kurudi nyumbani kwa miruko mitatu, kutoka safu ya nane hadi ya sita, ya sita hadi ya nne, ya nne hadi ya pili, pale alipoanzia. Waliiita miruko ya furaha. Akishafika nyumbani, ndipo alipokuwa malkia.

Kujua kidogo Kijerumani kunaongeza ladha hapa. Kete ile ndogo ambayo sisi huiita askari, Wajerumani huiita Bauer, yaani mkulima. Kwa hiyo kijijini Ströbeck mkulima, mwenye ubao wa mkulima, alimwendesha mkulima mdogo wa mti mpaka mwisho wa dunia, na hakumpa taji mpaka amrudishe kwao. Sijakuta aliyeandika kwamba wanakijiji waliielewa sheria hiyo kwa namna hii, na huenda hawakuiwazia lolote. Lakini mimi, niliyetoka kijijini kwenda mjini kusoma, niliisoma mara tatu.

*

Sasa turudi 1823, kwa sababu hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Mpaka wakati huo mchezo ulipita kutoka mzazi hadi mtoto, kama mapishi. Njia hiyo ni nzuri lakini ina tundu: mtoto ambaye baba yake hachezi, au amekufa, au amelewa, anabaki nje. Ströbeck ilikuwa ndani ya Prussia, dola iliyokuwa imeagiza tangu karne ya 18 kwamba watoto waende shule. Kijiji kikaweka sataranji pale ambapo kila mtoto alilazimika kupita. Kila mwaka wanafunzi walishindana, na waliofanya vizuri walipewa tuzo. Tuzo haikuwa kombe la kuweka kabatini wala cheti cha kutundika ukutani. Ilikuwa ubao wa sataranji.

Naomba msomaji atue hapo kidogo. Tuzo ya mchezo ilikuwa kifaa cha mchezo. Mtoto aliyeshinda alirudi nyumbani na ubao wake, na ubao ule ulihitaji mtu wa upande wa pili: mdogo wake, mama yake, jirani. Kila shindano liliacha mbao mpya katika nyumba za kijiji. Huo ulikuwa mtambo, na ulifanya kazi miaka mingi bila mfadhili.

Hapa niseme kwa nini kijiji cha Ujerumani kimenishughulisha hivi. Mjomba wangu ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kilosa. Mwaka juzi wageni fulani wenye nia njema walileta shuleni kwake boksi la mbao 12 za sataranji, wakapiga picha, wakaacha na karatasi yenye maelezo. Karatasi ilisema kwamba sataranji huongeza akili na kupandisha alama za hisabati. Kwenye mkutano wa wazazi mtu mmoja akasimama akauliza: kama ni hivyo, mbona haimo kwenye mtihani wa darasa la saba? Na kama haimo, mtoto anapoteza muda gani wa kuchota maji na kulinda shamba? Mjomba akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. “Mama,” alisema, kama anavyoniita kwa sababu nina jina la bibi, “wewe unayesoma vitabu, niambie ukweli. Hii kitu inasaidia au haisaidii? Maana mimi siwezi kuwadanganya watu ninaokutana nao kisimani.”

Ukweli, kadiri ninavyoweza kuuona, haufurahishi wauzaji wa karatasi. Uingereza walifanya jaribio kubwa katika shule 100 za msingi. Baadhi ya shule zilichaguliwa kwa kura kufundishwa sataranji kwa saa 30 ndani ya mwaka, nyingine zikaendelea kama kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Mwaka mmoja baada ya mafunzo, waliofundishwa hawakuwa wamewazidi wenzao katika hisabati. Watoto wengi waliupenda mchezo, walimu nao waliupenda. Alama zilibaki pale pale.

Nilimwambia mjomba hivyo hivyo. Kisha nikamweleza Ströbeck, kwa sababu niliona kwamba wazazi wa Kilosa na waleta boksi walikuwa wanaugombea mlango ambao Ströbeck haikuwahi kuupitia. Katika yote niliyoyasoma kuhusu kijiji kile sikukuta mahali wakulima wanapojitetea kwamba sataranji itawapandisha watoto wao alama. Mchezo ulikuwa na kazi nyingine. Ulikuwa njia ya kumpokea mgeni, ya kumpima mkwe, ya kusimama mbele ya mtawala bila kuinamisha kichwa, ya kumpa mtoto heshima mbele ya wakubwa. Mchezo hukaa kijijini pale kijiji kinapoupa kazi. Usipopewa kazi, utakaa kabatini pamoja na globu iliyovunjika mguu.

*

Ukitazama kwingine ambako sataranji imeshika, utakuta jambo hilohilo kwa sura tofauti. Marottichal ni kijiji cha wilaya ya Thrissur, jimbo la Kerala, kusini mwa India, yaani katika nchi mchezo ulikozaliwa. Miongo kadhaa iliyopita kilijulikana kwa pombe na kamari. Mkazi mmoja, C. Unnikrishnan, alikuwa amejifunza sataranji ujanani baada ya kuvutiwa na habari za Bobby Fischer. Akafungua mgahawa wa chai akawa anawafundisha waliokuja kunywa. Kidogo kidogo meza za chai zikajaa mbao, na kijiji kikapata jina jipya. Sidai kwamba sataranji hutibu ulevi. Lakini mlevi ana jioni ndefu ya kujaza na watu anaotaka kukaa nao, na mgahawa ule ulimpa vyote viwili mahali pengine. Hiyo ilikuwa kazi ya sataranji kule.

Karibu zaidi nasi ni Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala. Si kijiji, lakini kila mtu wa rika langu aliyetazama filamu ya mwaka 2016 kuhusu Phiona Mutesi anaujua. Robert Katende, kocha aliyeanza kuwafundisha watoto pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliwapa kitu kingine pamoja na mchezo: uji. Phiona mwenyewe, aliyekuja kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji, alifika mara ya kwanza akiwa na njaa. Wapo wanaolisimulia hilo kama jambo la kusikitisha kidogo, kana kwamba kipaji cha kweli kingekuja bila kikombe. Mimi naona Katende alielewa walichoelewa Ströbeck. Mtoto haji kwenye ubao kwa sababu ubao ni mzuri. Anakuja kwa sababu pale penye ubao pana kitu ambacho maisha yake yanakihitaji.

*

Kijijini kwetu ubao ulikuwepo kabla ya boksi. Chini ya mwembe karibu na mashine ya kusaga kuna bao, lile la safu nne za mashimo manane, na kete 64 za komwe. Wazee hucheza kuanzia alasiri. Ni mchezo mgumu kwelikweli. Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, aliishi na mabingwa wa bao Zanzibar akaandika tasnifu nzima, iliyotoka 1995, kuhusu jinsi akili inavyoweza kubeba hesabu zake. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda. Inapendeza kwamba bao lina kete 64 na sataranji ina miraba 64, kana kwamba michezo hii miwili ni mawifi waliogawana namba moja.

Kwa hiyo swali la haki ni hili: kwa nini tuwaletee watoto wa Kilosa sataranji wakati bao liko hatua mia mbili kutoka shuleni? Nililiuliza kwa ukali, kama tunavyofundishwa kuuliza kwenye semina. Jibu nililipata kwa kujikumbuka mwenyewe. Utoto wangu wote nilipita chini ya mwembe ule nikiwa na ndoo kichwani, na sikuwahi hata mara moja kuitwa nikae. Hakuna aliyenikataza. Ilikuwa tu inajulikana, kwetu, kwamba pale ni baraza la wanaume. Kaka zangu walisimama nyuma ya wazee wakajifunza kwa macho. Mimi nilijifunza bao nikiwa na miaka 22, bwenini chuoni, kwa rafiki kutoka Unguja.

Sataranji ilipokuja shuleni kwa mjomba haikuwa na mwembe. Haikuwa na mwenyewe. Hakuna babu aliyewahi kuicheza, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ni ya nani. Mjomba aliweka Ijumaa mchana, baada ya usafi, na wasichana wakakaa kwenye viti kama wavulana kwa sababu ni darasa na darasani kila mtu hukaa. Hapo ndipo sataranji ilipopata kazi yake ya kwanza Kilosa, na haikuwa ile iliyoandikwa kwenye karatasi.

Watoto nao waliibadilisha, kama Ströbeck ilivyoibadilisha. Mjomba alipofika kwenye kete ambayo Waingereza huiita askofu, darasa likacheka: askofu anatafuta nini vitani? Nilimwandikia kwamba katika sataranji ya Waarabu na Waajemi kete ile ilikuwa tembo, na kwamba Wajerumani wao huiita mkimbiaji. Darasa likapiga kura, tembo akashinda bila upinzani. Kijiji kile kiko upande wa Mikumi, na watoto wale wanajua tembo kwa njia ambayo mtu wa mjini haijui: usiku, kwa kelele za madebe, na asubuhi kwa mahindi yaliyolala. Wanaposema tembo anapita mshazari hakuna kitakachomzuia mpaka akutane na kitu, wanazungumza kwa uzoefu. Bila kujua wamelirudishia neno la kale nafasi yake.

*

Lakini nisiishie hapo, maana historia ya Ströbeck ina sura nyingine ambayo wapenda hadithi nzuri huiruka.

Mwaka 1990 Ujerumani Mashariki, ambamo Ströbeck ilikuwamo, iliungana na Magharibi. Vijana wengi wa mashariki wakahama kufuata kazi. Idadi ya watoto waliozaliwa ikashuka ghafla. Jumba la makumbusho la sataranji lilifunguliwa mwaka uliofuata, na kijiji kikaanza kujitangaza kwa wageni kwa jina la kijiji cha sataranji. Wakati huohuo madarasa yalikuwa yanapungua. Mwaka 2004 shule ya sekondari ya Ströbeck ilifungwa kwa kukosa wanafunzi wa kutosha. Wazazi walipinga sana. Shule hiyo ilikuwa imepewa jina la Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa sataranji kwa miaka 27, Myahudi ambaye utawala wa Hitler ulimfanya aishi na kufia uhamishoni. Jina kubwa hivyo halikuiokoa. Watoto wakubwa wakaanza kupanda basi kwenda kusoma nje ya kijiji. Shule ya msingi ilibaki, na sataranji ikabaki ndani yake. Mwaka 2010 kijiji chenyewe kikaunganishwa na mji wa Halberstadt, na mwaka 2016 mila yake ya sataranji ikaingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Ukizipanga tarehe hizo pamoja zinatisha kidogo: makumbusho 1991, shule kufungwa 2004, orodha ya urithi 2016. Heshima iliongezeka kadiri watoto walivyopungua. Ninajua mwelekeo huo, kwa sababu ndio tunaoufanyia bao. Tunaliweka kwenye tamasha, kwenye jalada la kitabu, kwenye duka la vinyago, huku chini ya mwembe wachezaji wakizeeka na hakuna anayesimama nyuma yao. Orodha haichezi. Kabati la makumbusho linaweza kuuhifadhi ubao wa 1651, lakini haliwezi kumtafutia mtoto wa miaka minane mtu wa upande wa pili.

Ndiyo maana siku hizi, mtu akiniuliza kama sataranji inafaa vijijini, huwa sijibu kuhusu sataranji. Nauliza nani atakuwa anafundisha mwaka wa tano, boksi likishachakaa na picha zikishasahaulika. Nauliza mtoto akishinda atapewa nini, na kama atapewa ubao, nyumbani kwake kuna nani wa kucheza naye. Nauliza mchezo utafanya kazi gani ambayo kijiji chenyewe kinaihitaji. Na kama kuna mwembe wenye bao jirani, nauliza kama wazee wake wamewahi kuombwa kuja shuleni, Ijumaa hiyohiyo, wakakaa meza moja na wasichana.

Yule bibi wa Ströbeck mwenye kikapu, nilipomjibu kwamba nacheza kidogo, hakuniuliza nimetoka wapi wala nimejifunzia wapi. Aliniambia alijifunza katika darasa la tatu, kama kila mtu. Alilisema kama sisi tunavyosema tulijifunza kusoma saa: jambo ambalo mtu fulani alikaa nawe siku moja akakuonyesha, na tangu hapo hukuwahi kufikiri kwamba lingeweza kutokuwepo.